Yorkshire teria: Mbwa wa wafumaji aliyegeuka pambo

Msikilizaji wetu, huenda umewahi kumwona kwenye picha za simu: mbwa mdogo kama paka, nywele ndefu laini, utepe kichwani, amebebwa kwenye mkoba. Huyo ni Yorkshire teria. Wengi hudhani aliletwa duniani na matajiri. Sivyo. Alianzia kwa vibarua wa viwandani, na kazi yake ilikuwa kuua panya. Leo tunaeleza alikotoka na kilichombadilisha.

Maana ya teria

Teria si mbwa mmoja, ni kundi la mbwa wa aina nyingi. Jina limetokana na neno la Kifaransa lenye maana ya ardhi, kwa sababu mbwa hawa walifugwa ili waingie mashimoni kumfuata panya, mbweha au mnyama mwingine aliyejificha. Ndiyo maana teria wengi ni wadogo, wakali na hawaogopi giza.

Kutoka Scotland hadi Yorkshire

Katikati ya karne ya 19, mashine za mvuke zilibadilisha kazi ya kufuma nguo nchini Uingereza. Wafumaji wengi wa Scotland walihamia kusini, kwenye jimbo la Yorkshire, kutafuta kazi katika viwanda vya nguo na migodi ya makaa ya mawe. Walikwenda na mbwa wao wadogo. Panya walikuwa wengi viwandani, migodini na kwenye nyumba za wafanyakazi, na mbwa wa kuwaua alikuwa mali.

Mbwa hao wa Scotland walipandishwa na teria wengine waliokuwepo Yorkshire. Wafugaji hawakuwa wasomi na wengi hawakuandika kumbukumbu, hivyo walichagua kwa macho: huyu ni hodari, huyu ana nywele nzuri, wazae.

Huddersfield Ben

Dume mmoja ndiye anayehesabiwa kuwa baba wa aina hii. Aliitwa Huddersfield Ben, alizaliwa mwaka 1865, na mmiliki wake alikuwa Bi. Mary Ann Foster wa mji wa Bradford. Ben alishinda mashindano ya kuua panya na pia maonyesho ya urembo wa mbwa. Alikufa mwaka 1871 baada ya kugongwa na gari la farasi, lakini tayari alikuwa ameacha watoto wengi, na wengi wao walifanana naye.

Mfugaji wa ng'ombe au mbuzi analielewa jambo hili. Dume mmoja akipanda majike wa kijiji kizima, uzuri wake husambaa, na kasoro zake husambaa vilevile.

Kutoka kiwandani hadi sebuleni

Jina la Yorkshire teria lilianza kutumika karibu mwaka 1870. Wanawake wenye uwezo walimpenda kwa nywele zake, na mnunuzi alipobadilika, mbwa naye alibadilika. Wafugaji walianza kuchagua walio wadogo zaidi na wenye nywele ndefu zaidi. Ben alikuwa mkubwa kuliko mbwa wa leo, ambaye kwa kanuni za maonyesho hatakiwi kuzidi kilo 3.2.

Hata hivyo damu ya mchapakazi haikupotea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Yorkshire teria jike aliyeitwa Smoky aliokotwa huko New Guinea mwaka 1944, akalelewa na askari wa Marekani, William Wynne. Huko Ufilipino, Smoky aliingia kwenye bomba jembamba lenye urefu wa mita 21 hivi, lililopita chini ya uwanja wa ndege, akivuta waya wa mawasiliano. Askari wakaepuka kuufukua uwanja huku wakiwa hatarini kushambuliwa.

Udogo una gharama

Leo wapo wauzaji wanaotangaza Yorkshire teria wa kutosha kwenye kikombe cha chai, kwa bei kubwa zaidi. Hiyo si aina inayotambuliwa, ni mbwa waliodogoshwa kupita kiasi. Taya dogo hubananisha meno yakaoza mapema. Koo la hewa huweza kulegea, mbwa akakohoa na kukosa pumzi. Magoti huteguka, na kitoto kikikosa chakula kwa saa chache tu, sukari ya mwili huweza kushuka kikafa.

Ukifikiria kununua mbwa wa aina hii, au mbwa yeyote, omba kuwaona wazazi wake kwanza. Uliza afya yao kabla ya kuuliza bei. Mpe chanjo ya kichaa cha mbwa, maana udogo haumkingi. Kisha mwache ashuke chini atembee na kunusanusa. Mababu zake hawakuishi ndani ya mkoba.