Sonona si Msongo wa Mawazo

Mgonjwa wa sonona anapofika zahanati, mara nyingi halitaji neno hilo. Husema kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu, usingizi haupatikani, chakula hakipiti. Hupimwa malaria, hupewa dawa ya maumivu. Akijieleza zaidi huambiwa ana msongo wa mawazo, kisha hupewa shauri lililozoeleka: punguza mawazo.

Shauri hilo humwumiza, maana hulenga tatizo lingine.

Msongo wa mawazo ni kuelemewa: karo haijapatikana, kazi imeyumba, mzazi anaumwa. Mzigo ukipungua, kwa kawaida mtu hupata nafuu. Sonona ni maradhi. Huweza kuanza baada ya msiba au talaka, na huweza pia kumshika mtu ambaye mambo yake yamenyooka. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, mtu huwa na huzuni au hupoteza hamu ya yale aliyoyapenda, karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa muda usiopungua wiki 2. Huambatana na uchovu, kujiona hafai, kukata tamaa, hata mawazo ya kutaka kufa.

Neno sonona limetoka humu humu katika Kiswahili. Kusononeka ni kuumia moyoni, na msikilizaji huliona hilo hata kabla daktari hajafafanua. Tanzania istilahi ya sonona imeenea; wengine huandika unyogovu au mfadhaiko. Sonona ina ubora mmoja mkubwa: haimlaumu mgonjwa kwamba anawaza mno.

Wasiwasi ni kisa kingine. Kila mtu huupata kabla ya mtihani au usaili wa kazi, ndiyo maana wataalamu hulazimika kusema “ugonjwa wa wasiwasi” wanapokusudia hofu isiyolingana na jambo lenyewe, inayodumu miezi, moyo ukienda mbio na kifua kikibana. Mara nyingi huandamana na sonona.

Hata hivyo, lugha ya mtaani isidharauliwe. Zimbabwe, Washona husema kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alilitumia neno hilo hilo katika mpango wa Friendship Bench, ulioanza 2006 mjini Harare, ambako bibi waliofunzwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki wakiwasaidia kuchambua matatizo yao. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha wagonjwa hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar.

Kwa hiyo mhudumu anaweza kuanza na “mawazo”, kama mgonjwa mwenyewe anavyosema. Lakini akishabaini sonona, aitaje kwa jina, kwa sababu tiba yake inajulikana: ushauri nasaha wa kitaalamu, na pale inapohitajika, dawa kama fluoxetine. Dawa hizo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na mgonjwa anapaswa kuelezwa hivyo siku anayokabidhiwa, asije akaziacha njiani.