Kijiji Kama Dawa: Saikolojia ya Kikoloni Embu na Meru

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilimkabidhi John Colin Carothers hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alikuwa daktari wa kawaida, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyefika Kenya mwaka 1929. Mafunzo ya magonjwa ya akili hakuwa nayo. Aliyapata baadaye huko Uingereza, tena kwa kozi fupi, akiwa ameshaiongoza Mathari kwa miaka kadhaa. Ndiye aliyekuja kuieleza dunia jinsi akili ya Mwafrika inavyofanya kazi, na kuieleza serikali kwa nini watu wa Mlima Kenya walikula kiapo cha Mau Mau, uasi dhidi ya utawala wa Waingereza.

Mlimani kwenyewe, matabibu wa akili walikuwepo zamani. Mtu wa Embu au Mbeere aliyekosa usingizi au kuandamwa na hofu isiyoisha alipelekwa kwa mundu mugo. Huko Meru alipelekwa kwa muga. Mganga alitikisa kibuyu chake, akamwaga mbegu na vijiwe, akavihesabu mafungu mafungu. Mikono ikihesabu, mdomo uliuliza. Nani amefariki nyumbani? Mahari ya nani haijamalizwa? Mmegombana na nani? Jamaa waliomsindikiza mgonjwa walijibu pamoja naye, na mara nyingi ugomvi uliofichwa ulitoka hapo hapo, mbele ya wote. Kisha mbuzi alichinjwa, mgonjwa akalambishwa dawa na kuitema, uovu ukihesabiwa kuwa umetoka, naye akarudi nyumbani akiwa safi. Utaratibu huo ulikuwa na hatari yake, kwa kuwa lawama iliweza kumwangukia jirani asiye na hatia akaitwa mchawi. Lakini ulimtibu mtu akiwa kati ya watu wake.

Mathari, iliyoanza mwaka 1910, iko zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini Meru. Aliyepelekwa huko alitengwa na kila aliyemjua. Ni kutokana na watu wa namna hiyo, waliofungiwa humo, wengi wao wakisema naye kupitia mkalimani, kwamba Carothers alijenga sehemu kubwa ya nadharia yake. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika mzima wa afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili Algeria, aliishambulia hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1961, na alikuwa na kila haki ya kukasirika.

Mwaka 1954 Carothers, ambaye alikuwa ameshahamia Uingereza, aliitwa tena Kenya. Ripoti yake juu ya saikolojia ya Mau Mau ilidai kwamba waasi walikuwa wamepoteza mila zao bila kuupata ustaarabu mpya, wakabaki na wasiwasi. Ardhi iliyochukuliwa pamoja na kodi zilizowaelemea watu hazikupewa uzito uliostahili. Madai ya kisiasa yakageuzwa dalili za ugonjwa.

Dawa yake ilikuwa vijiji. Serikali ilikuwa imeshaanza kuwahamisha watu kwa nguvu ili kuwakatia wapiganaji chakula. Carothers alivisifu vijiji hivyo na kutaka viwe vya kudumu. Katika nchi ya Wakikuyu na Embu, zaidi ya watu milioni moja waliswagwa katika vijiji zaidi ya 800, na Meru nayo haikusalimika. Nyumba za zamani zilichomwa. Wanawake walichimba handaki kuzunguka kijiji na kusimika ndani yake miti iliyochongwa ncha, chini ya mlinzi mwenye bunduki. Amri ya kutotoka nje iliwanyima muda wa kulima, na njaa ikaua watoto.

Katika kambi za Mwea walimofungwa washukiwa wa Mau Mau, zilizokuwa wilaya ya Embu wakati huo, lugha ya tiba iliendelea. Wafungwa walitakiwa kuungama ili "warekebishwe". Kuanzia mwaka 1957, chini ya afisa Terence Gavaghan, wafungwa wapya waliletwa wachache wachache na kuchanganywa na waliokwisha kusalimu amri, na aliyekataa alipigwa. Mganga wa mlimani naye alitaka mtu aungame, ila baada ya hapo alimrudisha kwa jamaa zake. Kambini maungamo yalidai majina ya wengine wa kukamatwa.

Jane Muthoni Mara alikuwa msichana tu alipopelekwa kambi ya mahojiano ya Gatithi, Embu, akateswa. Miaka mingi baadaye alikuwa miongoni mwa wazee walioishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso hayo, na Oktoba 2012 jaji wa London aliamua kwamba kesi yao isikilizwe. Juni 2013 Uingereza ilitangaza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228. Mwaka uliofuata Kenya ilipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, inayomtaka anayefanya kazi hiyo awe na mafunzo, ambayo Carothers hakuwa nayo alipokabidhiwa Mathari, na asajiliwe kabla hajampokea mgonjwa wake wa kwanza.