Onyo Lililotangulia Mtumbwi

Tarehe 1 Februari 1877, Henry Morton Stanley alipofika mahali ambapo mto Aruwimi unaingia katika mto Kongo, watu wa Basoko walikuwa tayari wanamngojea. Kwa hesabu yake mwenyewe, mitumbwi 54 ilimshukia, na mmoja wao ulikuwa na wapiga makasia wapatao themanini. Hakuna aliyekuwa amewapelekea barua. Tangu maporomoko ya Kisangani ngoma zilikuwa zimemtangulia kijiji kwa kijiji, na katika maandishi yake alikiri jinsi sauti hiyo ilivyomfuata ukingoni mchana na usiku. Kwa mababu wa Basoko, dhoruba ya mwaka ule ilikuwa yeye.

Vijana wapendwa, tunaanza na habari hii ya zamani kwa sababu kila mwaka, mvua za Oktoba na Novemba zinapokaribia, tunasikia maonyo: upepo mkali, mvua kubwa, mto unapanda. Tunasikia, lakini mara nyingi tunasikia tukiwa tumechelewa. Inafaa tujue kwamba katika nchi hii onyo lilikuwa kazi yenye wenyewe, yenye ufundi na nidhamu yake.

Lokole husema kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, kwa kufuata toni za lugha za mto. Taabu ni kwamba maneno mengi yana toni zilezile. Hivyo mpigaji hulifuatishia kila jina fungu zima la maneno ya kulifafanua, na habari ambayo mdomo ungeimaliza kwa maneno matatu huwa sentensi ndefu. Wageni walidhani ni urembo wa mashairi. Kumbe urefu ule ulikuwa ulinzi: anayesikia nusu tu, kwa kuwa upepo umechukua nusu nyingine, bado anaelewa. Usiku uliotulia sauti hufika kilomita kumi hivi. Mchana wa jua kali hupungua. Kutoka Kisangani hadi Basoko ni kama kilomita 200. Hesabuni wenyewe: ngoma ishirini, wapigaji ishirini walio macho. Mmoja akilala, habari inalala naye.

Aliyetuandikia ufundi huo vizuri zaidi hakuwa wa Kanisa letu. John Carrington, mmisionari Mbaptisti kutoka Uingereza, alifika Kongo mwaka 1938 na kufundisha Yakusu, mwendo mfupi chini ya Kisangani. Siku moja alifunga safari ya ghafla kwenda kijiji cha Yaongama, akawakuta mwalimu, mwuguzi na waamini wamekwisha kukusanyika kumpokea. Ngoma zilikuwa zimewaambia. Kuanzia hapo alijifunza kuzisikiliza, na mwaka 1949 akachapisha kitabu juu yake. Alisikitika pia kwamba vijana wa shule hawakujifunza tena ngoma, hata wengine hawakujua jina lao la ngoma. Hao ndio babu zenu.

Lakini tusiipambe ngoma kupita kiasi. Kuna maonyo ya namna mbili, na ngoma ingeweza kufaa namna moja zaidi kuliko nyingine.

Namna ya kwanza ni dhoruba. Katika Injili ya Luka, Yesu anawaambia makutano kwamba wakiona wingu likitokea magharibi hujua mvua inakuja. Kwao bahari iko magharibi. Kwetu dhoruba nyingi husafiri kutoka mashariki kwenda magharibi, na wingu la kuogopwa huinuka upande wa mawio, juu ya Kisangani na Ituri. Kwanza hewa hutulia na joto hubana. Kisha upepo wa baridi hupiga kabla ya tone la kwanza: ni hewa iliyopozwa na mvua inayonyesha mbele yetu, ikaanguka chini na kutawanyika kwa nguvu. Mahali ambapo mto una upana wa kilomita kadhaa, upepo huo huinua mawimbi yanayoweza kupindua mtumbwi uliosheheni mihogo na watu. Mtu aliye katikati ya maji ana dakika chache tu. Aliye bado ufukoni anahitaji mmoja wa kumwambia asiondoke.

Namna ya pili ni mto wenyewe, na huo huja polepole. Mwishoni mwa 1961, mvua zisizo za kawaida zilinyesha Afrika Mashariki na ya kati. Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita moja kwa miezi michache. Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hutufikia kwa Lukuga na Lualaba, liliendelea kupanda hadi 1964. Desemba 1961 kipimo cha Kinshasa kilionyesha mita 6.26, na mto ulipitisha takriban mara mbili ya maji yake ya wastani. Kisangani, iliyoitwa bado Stanleyville, ilikuwa ngome ya Antoine Gizenga. Lumumba alikuwa ameuawa Januari ya mwaka uleule. Taifa lilikuwa na vilio vingine. Mwishoni mwa 2019 Kongo na Ubangi ziliacha kingo zao tena, na Januari 2024 kipimo cha Kinshasa kilifika mita 6.20, Tshopo ikiwa miongoni mwa majimbo yaliyoathirika. Kabla ya mafuriko hayo matatu maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalikuwa na joto kuliko kawaida. Joto la bahari hupimwa, nalo hujulikana wiki nyingi kabla maji hayajafika mlangoni mwa mtu wa Basoko.

Vyombo vya kupimia havikukosekana kwetu. Huko Yangambi, kati ya Kisangani na Basoko, kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1933 na hali ya hewa ikaandikwa humo siku kwa siku. Baada ya uhuru vituo vingi vya mvua nchini vilinyamaza. Tangu 2020 Yangambi ina mnara wa mita 55 unaopima hewa juu ya msitu, kwa ushirikiano wa INERA na Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji. Lakini kupima peke yake hakuokoi mtu. Tarehe 8 Julai 2011 ndege ya abiria iliyotoka Kinshasa ilianguka Bangoka, uwanja wa Kisangani, ikijaribu kutua ndani ya dhoruba. Watu zaidi ya sabini walifariki. Uchunguzi ulitaja tathmini mbaya ya hali ya hewa miongoni mwa sababu.

Machi 2022 Umoja wa Mataifa ulijiwekea lengo kwamba ifikapo 2027 kila mtu duniani alindwe na mfumo wa maonyo ya mapema. Mettelsat, shirika letu la hali ya hewa, hutoa taarifa zake Kinshasa kwa Kifaransa. Kutoka taarifa hiyo hadi bibi anayeuza samaki ufukoni Basoko kuna ngoma ishirini ambazo hazipo tena. Nabii Ezekieli alisema wazi: mlinzi aonaye hatari asipige tarumbeta, damu ya waliokufa itadaiwa mkononi mwake. Hakusema lolote juu ya mlinzi aliyesambaza ujumbe kwenye simu za marafiki zake akarudi kulala.

Sisi tuna kengele za parokia, tuna jumuiya ndogo ndogo, tuna vijana wanaosoma Kifaransa na kusema lugha za mto. Swali la kwanza linaweza kuulizwa Jumapili hii baada ya Misa: ni nyumba zipi za ukingoni zisizo na simu, na ni nani kati yetu anakaa karibu nazo?