Mokamona: Neno Moja katika Nyumba ya Wakuria

Miongoni mwa Wakuria wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, nyumba si kuta na paa tu. Katika boma la mume mmoja kila mke ana nyumba yake, yaani yeye na watoto wake, pamoja na ng'ombe waliotengwa kwa ajili yao. Mahari ya binti hutumika kumwoza nduguye wa kiume, na urithi hufuata mwana wa kiume. Kwa hiyo nyumba isiyo na mwana wa kiume imo katika hatari ya kufutika, na mama yake huukabili uzee bila ya mrithi.

Mila imeweka njia ya kuepuka msiba huo, nayo ni nyumba ntobu. Mama hutoa ng'ombe, mara nyingi wale waliopatikana kwa mahari ya binti zake, akamleta mwanamke kijana. Huyu hulima, huteka maji, hupika, na huzaa na mwanamume ambaye, kwa kuwa hakutoa ng'ombe, hana dai lo lote juu ya watoto. Watoto ni wa nyumba ile.

Wageni wengi wameieleza desturi hii kana kwamba mwanamke mmoja ni mume na wa pili ni mke. Lugha yenyewe yakanusha. Kijana yule huitwa mokamona: moka ni "mke wa", na mona ni "mwana". Kiswahili kinalo neno la namna hiyo hiyo, nalo ni mkazamwana. Basi mama si mume bali ni mkwe. Mume ni mwana ambaye hakuzaliwa. Neno limemtengea nafasi mtu asiyekuwapo ili nyumba isimame.

Uzito wa majina ya namna hii waonekana pia mbali na Mara. Sensa ya Britania ya mwaka 1851 ilikuwa ya kwanza kuuliza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Huko Dundee, mji wa Uskoti uliojaa viwanda vya juti, wafanyakazi wengi walikuwa wanawake, na kaya nyingi zilipokea wapangaji ili kuongeza pato. Mtu awe amekaa wiki moja au miaka kumi, daftari lilimwandika mpangaji, basi.

Mokamona hata jina hilo hana katika sheria ya nchi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaitambua ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Kwa kipimo hicho yeye si mke. Akifukuzwa, hana talaka ya kudai, na kwa mila watoto aliowazaa hubaki na nyumba. Naye mara nyingine huletwa akali mdogo mno, kwa uamuzi wa baba aliyepokea ng'ombe.

Hapo ndipo neno laonyesha pande zake mbili. Lampa mama kizazi, lakini lamwacha kijana bila ya mtetezi. Mkazamwana mwingine akionewa na mkwe wake, anaye mume wa kumlalamikia, mokamona hana.