Wanakijiji kama Watunzi: Historia ya Kikundi cha Maigizo cha Kamĩrĩĩthũ, 1976–1982

Historia ya maigizo ya Kamĩrĩĩthũ, Limuru, husimuliwa zaidi kama sehemu ya wasifu wa Ngũgĩ wa Thiong'o. Mkabala huo una msingi, lakini unafunika suala la msingi zaidi: mchango wa waigizaji wa ridhaa katika utunzi wenyewe.

Kijiji hicho kilitokana na sera ya kikoloni ya kuwakusanya watu vijijini wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950. Baadaye kilikuwa makazi ya vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Mwaka 1976 kituo cha jamii kilianzisha kisomo cha watu wazima, na maigizo yakachipuka humo kama mwendelezo wa kisomo hicho.

Mswada wa *Ngaahika Ndeenda* uliandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, lakini ulipofikishwa kwa wanakijiji mwaka 1977 haukupokewa kama kazi iliyokamilika. Mazoezi, yaliyoongozwa na Kĩmani Gecaũ, yalifanyika hadharani, na yeyote aliyepita aliweza kusahihisha. Wazee walikosoa usemi usiolingana na umri wa mhusika; wafanyakazi wa kiwandani waliongeza maelezo ya hali za kazi; mwanamke mzee asiyejua kusoma alifundisha gĩtiiro, utanzu wa nyimbo za kujibizana, kwa ajili ya onyesho la harusi. Waliojua kuandika walikuwa, katika suala la lugha, wanafunzi wa wasiojua. Wanakijiji walijenga pia ukumbi wa wazi wenye nafasi ya watu wapatao 2,000.

Tamthilia ilianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali ilifuta kibali chake, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Kikundi hakikusambaratika. Mwanzoni mwa 1982 kilifanyia mazoezi *Maitũ Njugĩra* katika Chuo Kikuu cha Nairobi, baada ya kufungiwa milango ya Ukumbi wa Taifa. Maelfu waliyatazama mazoezi hayo kabla hayajazuiwa. Machi mwaka huo kituo kilifutiwa usajili, na polisi wakaubomoa ukumbi.

Maandishi yalinusurika. *Ngaahika Ndeenda* ilikuwa imechapishwa mwaka 1980, na tafsiri yake ya Kiswahili, *Nitaolewa Nikipenda*, ikatoka mwaka 1982. Hata hivyo, jalada linawataja watunzi wawili tu. Ndiyo maana kubomolewa kwa ukumbi hakukuwa hasara ya mbao na mabati pekee: palitoweka mahali ambapo matini iliendelea kuhaririwa na wenye lugha. Uhakiki unaoichukulia matini iliyochapwa kuwa ndiyo tamthilia nzima huwaondoa watunzi hao kwa mara ya pili.