Ndege Ikitua Kisumu, Safari ya Mtoto Haijaisha: Mwongozo kwa Mama Anayesafiri Peke Yake hadi Migori na Homa Bay

Kila inapokaribia Disemba simu yangu haipumziki. Dada zetu walioko Muscat, Doha na Riyadh, na wengine walioko Uingereza na Marekani, huuliza swali lile lile: nitapandaje ndege peke yangu na mtoto wa miezi michache, nimpeleke akaonekane na bibi yake? Wengi wanaoniuliza ni wasichana wa huku Pwani walioolewa bara, hasa kwenye kaunti za Migori na Homa Bay. Nimeona ni heri niyaandike yote mahali pamoja.

Nazungumza kwa yaliyonikuta. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na mume wangu ni mtu wa Migori. Mwaka 2014 tulikuwa tukiishi Muscat. Yeye akakosa ruhusa kazini, nami nikasafiri peke yangu na binti yetu wa miezi minane. Nilijitayarisha kwa ajili ya ndege wiki sita nzima, na ndege haikunipa taabu kubwa. Taabu ilinipata siku ya 11 baada ya kufika, nikiwa nimeshatua mizigo na kudhani safari imekwisha. Ndiyo maana mwongozo huu hauishii uwanja wa ndege.

Karatasi kabla ya tiketi

Mtoto, hata awe wa wiki mbili, anahitaji pasipoti yake mwenyewe. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtoto ni raia wa Kenya kwa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Lakini haki hiyo haikuvushi uwanja wa ndege bila karatasi. Sajili uzazi kwa mamlaka ya nchi uliyomo, kisha uende ubalozi wa Kenya. Anza mapema, kwani pasipoti huchukua muda. Ikiwa mtoto ana pasipoti ya nchi nyingine, uliza kuhusu idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ambayo Kenya iliianzisha Januari 2024 badala ya viza.

Jambo la pili ni majina. Sisi wanawake wa Kiislamu wa Pwani hatubadilishi jina tukiolewa. Pasipoti yangu ina jina la baba yangu. Ya binti yangu ina jina la Kijaluo la ukoo wa baba yake. Afisa wa uhamiaji akizitazama mbili hizo, haoni lolote la kumwonyesha kwamba huyu ni wangu. Niliulizwa mara mbili njiani, "Mtoto huyu ni wa nani?" Beba cheti cha kuzaliwa, nakala ya cheti cha ndoa, na barua ya baba inayokubali mtoto asafiri nawe. Barua hiyo itaje majina kamili, nambari za pasipoti, tarehe na mahali mnapokwenda, na ipigwe muhuri wa wakili au ubalozi. Si kila afisa ataiomba, ila atakayeiomba hatakusubiri uitafute.

Wako dada zetu ambao kikwazo chao ni kikubwa zaidi. Huko Saudi Arabia, mama asiye na cheti cha ndoa hupata ugumu wa kupata cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na bila karatasi mtoto hawezi kutoka. Wapo waliokwama miaka. Serikali ya Kenya imewahi kutuma maafisa kuchukua sampuli za DNA za watoto hao na mama zao ili wathibitishwe. Ukiwa katika hali hiyo, usingojee siku ya safari na usimlipe dalali. Jitambulishe ubalozini Riyadh, na jamaa zako wafuatilie kwa Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora huko Nairobi. Aibu ya kusema ni ndogo kuliko mtoto asiyekuwa na jina popote.

Kukata tiketi

Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hupakatwa, na katika safari za kimataifa hulipiwa aghalabu karibu asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Akitimiza miaka miwili kabla ya kurudi, safari ya kurudi atahitaji kiti chake. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu. Mwenye mapacha atalazimika kununua kiti cha pili.

Omba kijitanda cha mtoto siku ile ile unayokata tiketi. Ndege ina vichache, huwekwa kwenye ukuta mbele ya viti fulani, na kila shirika lina kipimo chake cha uzito. Ikiwa mtoto ni mzito, kijitanda hakitamfaa, kwa hivyo uliza kilo. Ikiwa ni wa siku chache tu, uliza shirika linapokea watoto kuanzia umri gani, na daktari amtazame kwanza. Vilevile chagua mapumziko ya saa tatu au nne kati ya ndege moja na nyingine. Saa moja haitoshi kwa mtu mwenye mtoto, begi na foleni ya ukaguzi.

Jambo moja linawahusu sana watu wa ukanda wa ziwa. Ndani ya ndege hewa ni kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na oksijeni hupungua kidogo. Mtoto mwenye afya haimdhuru. Lakini ugonjwa wa selimundu uko katika familia nyingi za Nyanza. Ikiwa mtoto anao, au una shaka, mwone daktari kabla ya kulipa nauli.

Ndani ya ndege

Begi la mkononi liwe na nepi moja kwa kila saa mbili za safari na tano za ziada, nguo mbili za mtoto, na nguo moja yako wewe. Mama wengi husahau ya mwisho hii, wakaja wakaketi saa sita na blauzi iliyotapikiwa. Beba leso mbili. Leso hufunika mtoto anyonye, hutandikwa, hufuta, na hufunga mbeleko ukihitaji mikono yote miwili. Maziwa ya mtoto kwa kawaida hayabanwi na kanuni ya mililita 100, ila yatoe kwenye begi na umwambie mkaguzi mwenyewe.

Ndege ikipaa na ikianza kushuka, mpe titi au chupa. Kumeza ndiko kunakofungua masikio yake; kilio kingi wakati wa kutua ni maumivu ya masikio. Kushuka huanza kama nusu saa kabla ya kutua, basi usimnyonyeshe akashiba mapema. Mwenye mafua makali apimwe kabla. Wala usimpe dawa ya mafua ili alale. Dawa hizo humlewesha mtoto, zinaweza kuathiri pumzi yake, na wengine badala ya kulala huchachamaa.

Kutoka Nairobi hadi mlangoni

Nairobi ndipo utakapogongewa muhuri. Utachukua mizigo, kisha uingie ndege ya ndani hadi Kisumu, mwendo usiofika saa moja. Kuna pia viwanja vidogo, Kabunde karibu na mji wa Homa Bay na kile cha Migori, lakini ratiba zake hubadilika na ndege ndogo hubana mizigo, mara nyingi kilo 15. Mwenye masanduku ya zawadi heri apitie Kisumu.

Kutoka Kisumu hadi Migori ni karibu kilomita 180: Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo, ndipo Migori. Homa Bay ni zaidi ya kilomita 100, na njia ya Katito na Kendu Bay huifuata pwani ya ziwa. Hapa ndipo uchovu unapokufanya ukubali lolote. Panga gari kabla hujaondoka ughaibuni, uwe na dereva ambaye familia inamjua, na msafiri mchana. Ndege yako ikitua jioni, lala Kisumu. Mtoto aliyefungwa mkanda ndegeni saa kumi asije akasafiri mapajani kwenye Probox iliyojaa watu tisa. Kama unaweza, beba kiti chake cha gari.

Ziwa si la kutazamwa tu

Sasa nifike siku yangu ya 11. Nilikuwa nimekaa kwa mama mkwe, jioni tunapiga gumzo uani, binti yangu amevaa gauni la mikono mifupi akipitishwa mkono kwa mkono. Chandarua sikubeba. Nilijiambia baba yake amekulia hapa, damu ya hapa anayo. Usiku ule mwili wake ukawaka moto. Nikasema ni meno. Nikampa paracetamol, akalala, kukikucha moto umerudi na titi hataki.

Mama mkwe hakunilaumu. Aliniambia, "Nyar Mombasa, hapa homa ya mtoto hailali nyumbani," akachukua leso yake na kutangulia mlangoni. Hospitalini walimtoboa kidole, na baada ya dakika chache jibu likawa malaria. Alhamdulillah, tuliwahi. Usiku ule mmoja nilioupoteza bado naukumbuka.

Kinga dhidi ya malaria hairithiwi kwa ukoo. Mtu huijenga kwa kuumwa na mbu mara nyingi, na hupungua akiishi mbali. Mtoto aliyezaliwa Muscat au Manchester hana kitu, hata kama jina lake ni Owuor. Wewe mwenyewe baada ya miaka ughaibuni huna nyingi. Utafiti wa kitaifa wa 2020 ulikuta malaria kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa ukanda wa ziwa, wakati taifa zima ni asilimia 6. Si bure kwamba chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini kaunti ya Homa Bay, Septemba 2019. Lakini chanjo hiyo hutolewa kwa awamu kadhaa za miezi. Mgeni wa wiki tatu asiitegemee.

Basi fanya haya. Mwone daktari wiki sita kabla ya safari uulize dawa ya kuzuia malaria inayolingana na kilo za mtoto. Si kila dawa inamfaa, na nyingine huanzwa kabla ya kuondoka na kuendelezwa baada ya kurudi. Beba chandarua kilichotiwa dawa. Jua likianza kuzama, mvishe mikono na miguu mirefu. Dawa za kupaka zenye DEET asipakwe mtoto wa chini ya miezi miwili. Maji ya kunywa na ya kukorogea maziwa yachemshwe. Usimwogeshe ziwani, kwani pwani ya ziwa ina kichocho.

Homa yoyote, nenda hospitali ukapime siku hiyo hiyo. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au akishikwa na degedege, usingoje hata saa moja. Huku kwetu bado wapo wanaodhani degedege ni shetani wa kutolewa kwa kombe. Kombe lisikucheleweshe, mtoto afike hospitali kwanza.

Na ukirudi ughaibuni, usisahau. Akishikwa na homa hata miezi kadhaa baadaye, neno la kwanza kwa daktari liwe hili: mtoto huyu alikuwa ukanda wa Ziwa Victoria, mpime malaria. Daktari wa huko asipoambiwa atadhani ni mafua.

Miaka miwili baadaye tulirudi Migori. Mizigo ilikuwa bado iko kwenye gari nilipoingia chumbani na msumari, nyundo na chandarua. Mama mkwe alikuwa ameshakitundika chake.