Wasikilizaji wa redio za polisi Marekani wafungiwa mlango

KATIKA miji mingi ya Marekani wapo raia wa kawaida ambao burudani yao ya jioni si mpira wala tamthilia, bali ni kusikiliza mawasiliano ya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa. Chombo chao ni skana, yaani redio inayopitia masafa mengi kwa haraka na kusimama pale inapokuta mtu anazungumza.

Mazoea hayo yana umri unaokaribia ule wa redio za polisi zenyewe. Polisi wa Detroit walianza kuyatangazia magari yao ya doria mwaka 1928. Miaka 10 baadaye, mpiga picha Arthur Fellig, aliyejulikana zaidi kwa jina la Weegee, alipewa kibali cha kufunga redio ya polisi katika gari lake mjini New York, na mara nyingi alifika penye mauaji au moto kabla ya wenzake.

Enzi hizo kila kikosi kilikuwa na masafa yake, na aliyeyajua alisikia kila kitu. Lakini masafa ni mali adimu. Ya zimamoto yaliweza kulala bure saa nzima huku polisi wakigombania nafasi ya kusema. Ndipo ukaja mfumo wa tranki, ambao waweza kufananishwa na magari ya ofisi: badala ya kila idara kuwa na gari lake linaloshinda uwani, magari yote huwekwa pamoja, na msimamizi wa usafiri humpa mhitaji lililopo.

Katika tranki msimamizi huyo ni kompyuta. Askari anapobonyeza kitufe, redio yake hupeleka ombi kupitia chaneli maalumu ya uongozi. Kompyuta huchagua masafa yaliyo wazi na kuziamuru redio zote za kundi lake zihamie huko, yote hayo kabla askari hajatamka neno. Jibu laweza kupita kwenye masafa mengine kabisa. Mwenye skana ya zamani alisikia swali la polisi, kisha pengine sauti ya dereva wa gari la taka.

Afueni ilipatikana mwaka 1997, kampuni ya Uniden ilipotoa skana iliyoweza kusoma amri za chaneli ya uongozi na kulifuata kundi moja popote liendapo. Baadaye sauti zenyewe zikageuzwa kuwa za dijitali, chini ya viwango vya Project 25 vilivyoanza kuandaliwa mwaka 1989. Mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yaliongeza msukumo wa kuviunganisha vikosi: siku ile onyo la helikopta za polisi kwamba jengo lililobaki lilikuwa karibu kuanguka halikuwafikia wazimamoto waliokuwa ndani. Skana za dijitali zilikuwa ghali, lakini mwaka 2012 iligundulika kuwa kifaa kidogo cha kupokelea televisheni kwenye kompyuta, cha bei ya chini, kingeweza kufanya kazi hiyo kwa msaada wa programu.

Sheria ya Marekani huruhusu kusikiliza redio za polisi zisizofungwa kwa siri. Simu za mkononi ni marufuku. Mume na mke wa Florida walionasa mazungumzo ya simu ya Spika Newt Gingrich mwishoni mwa mwaka 1996 walitozwa faini ya dola 500 kila mmoja. Uingereza ni kali zaidi: hata redio za polisi hairuhusiwi kuzisikiliza.

Mtihani mkubwa ulikuwa Aprili 2013, wakati wa msako wa walipuaji wa mabomu ya Boston. Maelfu walisikiliza redio za polisi kupitia intaneti, na watu wasio na hatia wakatajwa mitandaoni kuwa ndio watuhumiwa. Polisi waliwaomba wananchi wasitangaze mbinu za askari waliokuwa kazini.

Hoja hiyo ya usalama, pamoja na ile ya kulinda majina na anwani za raia zinazosomwa hewani, ndiyo inayotolewa na majiji yanayofunga mawasiliano kwa msimbo. Chicago ilifanya hivyo mwaka 2022, ikiwaachia wananchi sauti iliyocheleweshwa kwa dakika 30. New York ilianza mwaka 2023. Waandishi wa habari walilalamika, na si bila sababu: dakika 30 baada ya tukio, kinachobaki mara nyingi ni maelezo ya polisi peke yao. Palo Alto, California, ilifunga mwaka 2021 na kufungua tena mwaka uliofuata.

Penye msimbo, skana kwa kawaida bado huisoma chaneli ya uongozi. Kiooni huonekana namba ya kundi na ya redio inayozungumza, lakini spika hubaki kimya.